Ramani inasema kata yetu yote ina 4G, lakini ujumbe tunautuma tukiwa juu ya jiwe. Tunaweza kupima wenyewe?

MamaNjegere

Habari za leo ndugu zangu.

Mimi ni afisa ugani, huu ni mwaka wa sita niko upande wa Mgeta, Mvomero, juu kwenye milima ya Uluguru. Aliyefika anajua: mashamba yamekaa ngazi kwa ngazi, kabichi, karoti, njegere, viazi, na ukungu unaoshuka saa tisa alasiri kama mtu kafunga pazia. Soko letu ni Morogoro mjini na Dar. Bei inakuja kwa simu, hela inakuja kwa simu, hata ushauri wangu kwa wakulima siku hizi unaenda kwa picha ya jani lenye ugonjwa.

Sasa kwenye kitongoji kimoja ninachohudumia, kilicho nyuma ya kilima ukiupa mnara mgongo, simu haishiki. Kuna jiwe kubwa njiani, ukipanda juu yake unapata. Jiwe limelainika kwa miguu ya watu. Pembeni kuna mkaratusi, na kwenye mkaratusi wamepigilia kidumu cha mafuta kilichokatwa mdomo. Wazee wenye vitochi wanatumbukiza simu humo, wanakaa chini, wanasubiri isikike mlio wa ujumbe. Usipokuwepo, jirani atakusikilizia.

Mwezi uliopita mama mmoja wa hapo alikuwa na magunia tisa ya njegere mbichi. Dalali alimtumia ujumbe saa mbili asubuhi: gari linapita saa saba, shusha mzigo barabarani. Yule mama alikuwa shambani na mtoto mgongoni. Alipopanda jiwe ilikuwa saa kumi na moja jioni, ndipo ujumbe ukaingia. Njegere mbichi hailali mara mbili ikabaki njegere. Aliiuza kesho yake kwa bei aliyoitaja mnunuzi, si aliyoitaja yeye. Mimi ndiye niliyemshawishi alime njegere. Nimelala na jambo hili siku nyingi.

Nilipolipeleka kwenye kikao nikaonyeshwa ramani ya kampuni moja ya simu. Kata yetu nzima imepakwa rangi ya 4G, hata mtoni, hata msituni. Nikaambiwa kata hii tayari ina mnara, imehesabiwa kuwa imehudumiwa.

Naomba kuelimishwa. Ramani ile inachorwaje hadi ikaona mtandao ambao sisi hatuuoni? Na je, sisi wenyewe kwa simu zetu za kawaida, bila fedha ya mradi, tunaweza kupima na kuchora ramani yetu ambayo mtu wa ofisini hataitupa? Mimi najua udongo na mbegu, ramani sijawahi kuchora.

---

FundiWaMinara

Dada, pole sana kwa huyo mama. Mimi nimefanya kazi ya minara na ya kupima mtandao kwa gari, Dodoma, Singida, hadi Katavi, kwa hiyo nijibu swali la kwanza.

Ramani ile hakuna mtu aliyekuja kuipima huko kwenu. Imepigwa hesabu. Kompyuta inapewa mahali mnara ulipo, urefu wake, upande antena zinakoelekea, nguvu yake na aina ya mawimbi. Halafu inapewa sura ya ardhi, miinuko na mabonde. Wengi wanatumia vipimo vilivyochukuliwa na chombo cha anga cha Endeavour Februari 2000, ambavyo vinaigawa ardhi katika vipande vya takriban mita 30 kwa 30. Kompyuta inakisia nguvu itakayofika kwenye kila kipande. Ikizidi kiwango fulani, kipande kinapakwa rangi. Ikipungua, kinaachwa cheupe.

Kila kitu kiko kwenye hicho "kiwango fulani". Nguvu ya 4G tunaipima kwa dBm, na namba zake ni hasi. -85 ni mtandao mzuri. -100 unafanya kazi. -110 unasuasua. Ukifika -120 hivi simu inakata tamaa. Kila ukishuka kwa 10, nguvu inapungua mara kumi, kwa hiyo -110 si "pungufu kidogo" ya -100, ni sehemu moja ya kumi yake. Mchoraji akiamua kupaka rangi hadi -115, kata nzima inajaa rangi. Akiamua kuishia -100, nusu inafutika. Mnara ni uleule.

Tena hesabu inamchukulia mtu amesimama nje, uwanjani, ameshika simu nzuri. Watu wenu wanakaa ndani ya nyumba ya bati. Bati halipitishi mawimbi ya redio, yanaingia kwa dirisha na mianya tu. Nimepima mwenyewe nyumba za namna hiyo: mlangoni -103, ukiingia chumba cha nyuma hakuna kitu.

Kilima nacho ni kesi nyingine. Mawimbi ya chini, kama ya 700 au 800 MHz, yanajipinda kidogo ukingoni mwa kilima na yanafika mbali. Ya 1800 au 2600 yanataka kuonana na simu karibu uso kwa uso. Kama mnara wenu una haya ya juu peke yake, nyuma ya kilima ni kivuli, kama kivuli cha jua. Kwa Uluguru, ambako bonde na bonde vinatenganishwa na mgongo mwembamba, kivuli kinaweza kumeza kitongoji kizima na mnara ukawa kilomita mbili tu.

---

Mwalimu_Kusini

Naunga mkono, ila huku kwetu pwani ya kusini ugonjwa ni mwingine. Mistari ya mtandao imejaa yote, imeandikwa 4G kabisa, ila ukurasa wa matokeo ya mitihani haufunguki kuanzia saa kumi na mbili jioni. Saa kumi alfajiri unafunguka vizuri. Ramani itaonyeshaje hilo?

---

FundiWaMinara

Mwalimu, mistari inakuambia habari ya njia kati yako na mnara. Haikuambii habari ya njia kutoka mnara kwenda mbele. Minara mingi ya vijijini inapokezana mawasiliano kwa mawimbi, mnara hadi mnara, hadi yanapofikia mkongo, ile nyaya kuu ya intaneti. Kama bomba hilo ni jembamba na jioni wote mmewasha simu, mnagombania tone. Ramani ya rangi haionyeshi hilo kamwe. Ndiyo maana anayepima lazima aandike na saa, na ajaribu kufungua kitu, asiishie kusoma mistari.

Na umeme pia. Mnara unaotegemea sola kwenye eneo la ukungu unaweza kuzima saa nane usiku betri zikiisha. Mchana ukipita kupima utakuta uko hai.

---

Msambaa_Ughaibuni

Shikamooni wakubwa. Naishi Marekani, ninafanya kazi ya data za ramani. Dada MamaNjegere, nataka ujue kwamba yaliyowapata yamelipata hata taifa lenye fedha, tena kwa namna ileile.

Huku kwa miaka mingi ramani ya intaneti ya nyumbani ilitegemea taarifa za kampuni zenyewe kwa vipande vya sensa. Nyumba moja tu ndani ya kipande ikiwa na huduma, au ikiwa inaweza kupewa, kipande chote kilihesabiwa kimehudumiwa. Vijijini kipande kimoja kinaweza kuwa kikubwa kuliko kata yako. Ukisoma hapo utaona ni lile jibu ulilopewa kwenye kikao: mnara upo katani, basi kata imehudumiwa.

Kwa upande wa simu, tume yao ya mawasiliano, FCC, ilituma watumishi wake barabarani kuhakiki ramani za 4G za kampuni. Waliendesha karibu maili 10,000, yaani kama kilomita 16,000, katika majimbo 12. Ripoti ilitoka Desemba 2019: kwenye vipimo vyao vya barabarani, ni 62.3% tu vilivyofikia kasi ya chini ambayo ramani iliahidi. Zaidi ya theluthi moja ya rangi ilikuwa rangi tu. Mpango wa ruzuku uliotegemea ramani zile uliachwa. Mwaka 2020 ikapita sheria mpya, na Novemba 2022 ikatoka ramani mpya ya nyumba kwa nyumba, ambayo mwananchi anaweza kuipinga kwa ushahidi kutoka anapoishi. Fedha za ruzuku zilizogawanywa kwa kufuata ramani hiyo ni dola bilioni 42.45. Mahali pakipakwa rangi kimakosa, fedha inapita pembeni.

Kwa hiyo usivunjike moyo ukiambiwa "ramani ndiyo hii". Ramani inapingwa kwa vipimo.

---

MchoraNjia

Dada, karibu sana. Mimi ni mmoja wa wanaojitolea kuchora vijiji kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni. Nimeshika swali lako la pili, na nitaeleza kama ninavyowaeleza vijana tunaoanza nao.

Jambo la kwanza kabisa, na ndilo ninalotaka ubaki nalo hata ukisahau mengine: andikeni mahali pasipo na mtandao. Programu nyingi za kupima kasi zinatuma kipimo kupitia mtandao huohuo zinaoupima. Penye mtandao kipimo kinafika. Pasipo na mtandao hakiendi, na mtu wala hajisumbui kujaribu. Matokeo yake, ramani zinazochorwa na vipimo vya watumiaji zinajaa nukta za mjini na barabara kuu, na kitongoji chako kinabaki cheupe. Mtu wa ofisini akiona weupe anasema "hakuna data". Hawezi kujua kama ni pori, ni watu wasio na simu, au ni watu mia tatu wanaopanda jiwe. Nukta iliyoandikwa "hapa, saa hii, hakuna" ina thamani kuliko nukta kumi za -80 kutoka Morogoro mjini.

Ili uweze kuandika pasipo na mtandao unahitaji kifaa kinachofanya kazi bila mtandao. Kuna KoboCollect, ya bure, wengi serikalini na kwenye mashirika wanaijua kwa ukusanyaji wa takwimu. Unatengeneza fomu ukiwa mjini, unaipakua kwenye simu, unaenda nayo mlimani. Majibu yanakaa ndani ya simu hadi utakapofika penye mtandao. GPS nayo haihitaji laini wala bando, inasikiliza setilaiti moja kwa moja. Ila ipe muda, simama mahali pa wazi, subiri usahihi ushuke chini ya mita 10 kabla hujahifadhi. Bondeni huwa inachukua dakika kadhaa, usiikimbize.

Fomu iwe fupi. Laini gani. Nje au ndani ya nyumba, na paa ni la nini. Alama gani imetokea juu ya kioo: hakuna, E (2G), H (3G) au 4G. Namba ya dBm. Halafu maswali matatu ya vitendo: simu imepiga? ujumbe umetoka? ukurasa mmoja uleule, mwepesi, umefunguka kabla ya sekunde 30? Saa fomu inajiandikia yenyewe.

Namba ya dBm kwenye Android inapatikana kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, hali ya laini. Baadhi ya simu ukibonyeza *#*#4636#*#* inakufungulia ukurasa wa vipimo.

Tumieni simu wanazotumia wakulima. Simu ya bei kubwa ina antena nzuri na itakudanganya kwa niaba ya kampuni. Simu ileile kwa laini ileile kila mara, usibadilishe katikati.

Mpime wapi? Wapi watu wanaishi na wanafanya mambo yao: zahanati, shule, kisimani, msikitini na kanisani, mnadani, kwa mwenyekiti, mashambani wanakoshinda. Baina ya hapo, kila hatua mia mbili njiani. Asubuhi, mchana, usiku. Msiandike jina la mwenye nyumba wala namba yake ya simu. Ramani inahitaji mahali, haimhitaji mtu.

---

MamaNjegere

Asanteni, nimesoma kila neno mara mbili, nimesoma mengine kwa sauti nikiwa na mwenyekiti wa kitongoji. Lile la kuandika pasipo na mtandao limemfanya asimame. Alisema, "Kwa hiyo tulikuwa tunanyamaza na wao wakadhani tumeshiba."

Nauliza tu: tukishapata hizo nukta, tunampelekea nani, na kwa sura gani?

---

MchoraNjia

Kwa sura ya kitongoji. Hapa ndipo wengi wanapopoteza nguvu zao.

Fedha za kupeleka mawasiliano pasipo na faida ya biashara hapa kwetu zinapitia UCSAF, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioanzishwa kwa sheria ya 2006. Mfuko unatoa ruzuku, kampuni inajenga. Mradi mkubwa uliosainiwa Dodoma Mei 2023 ulikuwa wa minara 758 katika kata 713, pamoja na kuiongezea uwezo minara ya zamani iliyokuwa ya 2G tu. Ni kazi kubwa na ninaiheshimu, nimeona vijiji vilivyobadilika kwa mnara mmoja. Lakini ona hesabu inavyokwenda: kwa kata. Kata ya milimani ina vitongoji ishirini na zaidi vilivyojificha kila kimoja kwenye bonde lake. Nchi ina vitongoji zaidi ya 64,000. Ukihesabu kwa kata, kitongoji cha nyuma ya kilima hakionekani.

Na ukisikia asilimia, uliza ni asilimia ya nini. Ya watu na ya ardhi ni vitu viwili. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Asilimia moja tu "iliyobaki" ni watu zaidi ya laki sita. Wako mahali. Wana njegere.

Kwa hiyo andaa karatasi mbili. Moja ni ramani yenye nukta za rangi tatu na mstari wa mpaka wa kitongoji (ukinitumia faili ya Kobo nitaiweka kwenye QGIS, programu ya bure ya kuchora ramani, na nitakuelekeza namna ya kuifanya mwenyewe mara ijayo). Ya pili ni jedwali: mahali, kaya ngapi, vipimo vingapi, vingapi hakuna. Ipitisheni kwenye mkutano wa kijiji, muhtasari ugongwe muhuri, mtendaji aipeleke halmashauri, na nakala iende UCSAF na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji, TCRA-CCC, kazi yake ni kuwasemea watumiaji kama ninyi. Muhtasari wenye muhuri unaingia kwenye faili na kupewa namba.

---

Dada_Zahanati

Naomba niongeze moja tafadhali. Kwenye fomu yenu wekeni pia swali: hapa kuna simu janja ngapi? Takwimu za GSMA, umoja wa kampuni za simu duniani, za mwaka 2023 kwa Afrika kusini mwa Sahara zinasema wasio na mtandao wa intaneti kabisa ni 13%, lakini wanaoishi penye mtandao na hawatumii ni 60%. Huku kwangu mtandao upo, wajawazito wengi wana kitochi, au simu anayo mume na mume yuko machimboni. Mnara ukija nyuma ya kilima, yule mama wa njegere ataupokea kwa simu gani?

---

MamaNjegere

Dada, umesema kweli, nimeliongeza. Na jibu la huyo mama ninalo: ana kitochi, na kitochi kingemtosha. Alichokosa siku ile ni ujumbe mfupi tu.

Nirudishe mrejesho. Tumepima Jumamosi mbili, mimi, mwenyekiti, na vijana wawili waliomaliza kidato cha nne, kwa simu mbili za wakulima zenye laini mbili tofauti. Nukta 41. Kijana mmoja aliona aibu kuandika "hakuna" mara nyingi mfululizo, akaniuliza kama simu imeharibika. Nikamwambia endelea.

Hakuna kabisa: nukta 19. Kati ya hizo ni shule, kisima, na njia yote ya mtoni. Inashika nje tu, ukiingia ndani inapotea: nukta 13. Zilizofungua ukurasa kabla ya sekunde 30: nukta 9, na sita kati ya hizo ziko kwenye mgongo wa kilima ambako hakuna anayeishi, kuna mikaratusi tu. Juu ya jiwe ni -104. Nikashuka nikasimama chini yake, hatua nne, ikawa -117, kisha ikapotea. Ndani ya kidumu ni -108, mzee aliyekipigilia amefurahi sana kusikia namba yake.

Usiku tulipima tatu tu, mvua ilitukatisha. Simu zote mbili hazikushika hata kwenye jiwe kuanzia saa saba usiku hadi alfajiri. FundiWaMinara, hilo la betri na ukungu nadhani ndilo.

Mkutano wa kijiji ni Alhamisi. MchoraNjia, faili nimekutumia kutoka Mzumbe leo mchana. Nina ombi moja kwenye rangi: zile nukta 13 zinazoshika nje tu usizipake kijani. Wakiziona kijani watahesabu tumehudumiwa. Na kaya zimefika 86, si 80 kama nilivyoandika kwenye faili. Mwenyekiti amekumbuka sita zilizohamia ng'ambo ya mto mwaka jana, na huko bado hatujapima. Tunaenda Jumamosi hii asubuhi kabla ukungu haujashuka.